Eda ya Zena

Mume wangu aliniacha mara tatu, Jumanne alasiri, mbele ya watu sitini waliokaa kwenye viti vya plastiki, na kila mara watu hao walipiga makofi. Naanza na hilo ili asitokee mtu akaniambia nakuza mambo. Nilikuwepo. Nilikaa mstari wa pili, mamangu Bi Ummi kuliani kwangu na kijaluba chake cha tambuu mapajani, na makofi ya kwanza hata yeye alipiga.

Sameer huuza vipuri vya magari Magongo, lakini kazi aliyoumbiwa ni kuchekesha. Hakuna harusi ya maana Kisauni wala Changamwe ambayo hajashika kipaza sauti. Ni kwenye harusi moja ndipo alipoonwa na Velma, mwanamke wa Nairobi aliyekuja kutengeneza kipindi cha vichekesho cha televisheni. Kipindi kiliitwa Makapera wa Magongo. Wanaume wanne walioachana na wake zao wanapanga nyumba moja, wana sufuria moja na sofa moja nyekundu, hawapatani hata kidogo, halafu pole pole wanakuwa marafiki. Watatu kati yao hawakuhitaji kuigiza sana. Gershom, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ametalikiana na mkewe mahakamani, na ndiye aliyeandika maneno ya kipindi. Kalama alikuwa na mke Kaloleni mpaka mke akachoka. Musyoka ni fundi wa friji wa Changamwe. Mkewe alirudi kwao Kitui, akaenda na friji. Wa nne ndiye Sameer wangu, mtu mwenye mke na chai ya tangawizi kila asubuhi, anajifanya hana mtu.

"Wenzangu wana machungu ya kweli," aliniambia. "Mimi nitapeleka nini?"

Akanipeleka mimi.

Mtalaka wake katika kipindi aliitwa Zena. Zena hukoroma. Zena akikasirika humtilia mumewe chumvi kwenye chai. Zena huzungumza na cherehani yake kuliko anavyozungumza na mume. Zena aliunguza biriani ya Idi, akawaandalia wageni vivyo hivyo na kuwaambia ndivyo wapikavyo Lamu. Yote hayo ni kweli, naapa, isipokuwa la kukoroma. Mkoromaji ni yeye.

Sehemu ya pili ilipoonyeshwa, muuza nazi wa Kongowea aliniita Bi Zena, nikacheka. Sehemu ya tatu, wateja waliokuja kupimwa abaya wakawa wanaikodolea macho cherehani yangu na kubana mbavu kwa kicheko. Hapo sikucheka tena.

"Baba Hadeel, nitoe kwenye kipindi chako," nikamwambia.

"Si wewe. Ni Zena."

"Zena ana cherehani."

"Cherehani zimejaa hapa Mtopanga, Mama Hadeel. Usijipe ukubwa."

Wiki hiyo hiyo akaalikwa redioni. Mtangazaji akamuuliza vichekesho hivi anavitoa wapi. Akacheka kile kicheko chake cha harusini, akasema: "Wallahi ndugu yangu, mimi situngi kitu. Zena ni mke wangu Nadhira, yuko Mtopanga saa hizi anashona. Sijaongeza, sijapunguza." Miaka ishirini na mitano ananiita Mama Hadeel, na kabla ya Hadeel kuzaliwa aliniita "wee". Jina langu alilopewa kwenye nikaha alikwenda kulitoa redioni. Binti yetu Hadeel, aliye chuo kikuu Eldoret, alinitumia ile sauti kwenye simu bila neno lolote. Nikaihifadhi. Akiba haiozi.

Sasa Jumanne yenyewe. Ilikuwa sehemu ya sita, na kila kapera alitakiwa akumbuke siku aliyoachana na mkewe. Sameer alisoma chuo cha Kurani tangu udogo kama sisi sote, na mtoto yeyote aliyepita chuoni pwani hii anajua kwamba mambo matatu mzaha wake ni kweli: kuoa, kuacha na kurejea. Alijua talaka haichezewi. Kwa hiyo alimsisitizia Gershom, ambaye ni Mkristo na hakuelewa wasiwasi wenyewe, kwamba jina liwe Zena tu, lisitajwe jingine. Akajiona ameruka mtego.

Asubuhi ile tulikuwa tumegombana. Nilimwambia tena aniache na maisha yangu, akanijibu sina shukrani, ananipa umaarufu bure. Nikamtilia chumvi kwenye chai. Vijiko viwili. Sikatai.

Walikuwa wakirekodia kwenye ukumbi mmoja wa Magongo, karibu na uwanja wa ndege. Ndege ikipita juu hakuna kinachosikika, kwa hiyo sharti lao lilikuwa moja: ndege ikiingilia maneno, yanarudiwa. Sameer akasimama mbele ya ile sofa nyekundu, simu sikioni, na mzaha wote ukamtoka usoni.

"Zena," akasema, "nimechoka kunywa chumvi. Nimekuacha."

Watu wakapiga makofi, maana aliigiza vizuri, haki yake nampa. Lakini ndege ilikuwa imeshaanza kunguruma juu ya bati.

"Tunarudia!" Velma akapaza sauti.

Akarudia. Makofi. Ndege nyingine. Mara ya tatu hakuitazama kamera wala ile simu. Alitazama mstari wa pili, akanikazia macho, akasema polepole kama mtu anayelipa kisasi. Mikono ya mamangu ikakwama hewani.

"Nadhira," akaninong'oneza, "huyu yuwasema nawe."

Nilijua. Nikachukua mkoba wangu, nikapita mbele ya kamera yao, nikatoka.

Kwetu mume huingia nyumbani kwa mke. Nyumba ni ya mamangu, na kabla yake ilikuwa ya bibi. Sikumtupia nguo zake barabarani kama wanavyofanya wengine. Nilizipiga pasi, nikazipanga kwenye sanduku, nikaliweka kibarazani. Alifika Magharibi, akaliona, akacheka.

"Mama Hadeel, ulikuwa mchezo!"

"Hilo ataamua Maalim Ishaka," nikasema, nikafunga mlango.

Basi yakaanza. Majirani wakaja mmoja mmoja kunishauri. Velma akapiga simu kuniambia sanaa ni sanaa. Mamangu, ambaye masikio yake yalisikia, akaanza kulegea usiku uo huo: "Mwanangu, yataka uvunje nyumba kwa ajili ya sinema? Wanawake wangapi wameambiwa makubwa kuliko hayo, wakafumba mato?" Wote wimbo mmoja, nisamehe, ni mchezo, cheka. Lakini mbona nilikuwa Zena alipotaka watu wacheke, na alipotaka kusamehewa nikawa si Zena? Mtu hawezi kunivaa na kunivua kama kofia.

Siku ya Alhamisi, baada ya Alasiri, tukakaa kwenye mkeka wa Maalim Ishaka, mwalimu wetu wa chuoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mimi nilikwenda na mamangu. Sameer alikuja na Gershom, na karatasi za kipindi zikiwa kwenye bahasha kama ushahidi.

"Maalim, mimi niliigiza," Sameer akaanza. "Zena ni mtu wa kubuni. Jina lenyewe nililichagua makusudi kwa kuliogopa jambo hili hili."

"Anayesema maneno ya mtu mwingine hajaacha," akasema Maalim. "Msimulizi akisimulia kwamba fulani alimwacha mkewe, mke wa msimulizi yuko salama."

Mamangu akashusha pumzi. Mimi nikatoa simu.

Sauti ya Sameer ikajaa pale sebuleni: wallahi ndugu yangu, mimi situngi kitu, Zena ni mke wangu Nadhira. Ilipokwisha, nikairudia tena, wasije wakasema hawakusikia.

"Nauliza, Maalim," nikasema. "Kama Zena si mimi, basi mume wangu ameapa uongo mbele ya Mombasa nzima, na wiki tano amenichafua kwa uongo. Kama Zena ni mimi, ameniacha. Na achague. Mimi lolote nalipokea."

Maalim akazungusha tasbihi kidogo, kisha akamgeukia Gershom. "Mwalimu, hilo neno la chumvi uliliandika wewe?"

Gershom akaifungua bahasha, akaifunga tena. "Hapana, Maalim. Nilikuwa nimeandika 'nimechoka nawe'. La chumvi alilitia mwenyewe."

"Sameer. Ulipotamka, uso uliouona ni wa nani?"

Angeweza kudanganya. Moyo wa mtu hauna dirisha, na hakuna ambaye angemshika. Hilo nitamtolea ushahidi hata kesho kiyama: hakudanganya. Aliinamia mkeka, akasema, "Wa Nadhira, Maalim. Nilikuwa na hasira. Nilitaka asikie."

"Basi talaka imepita," akasema Maalim. "Ulitamka mara ngapi?"

Sameer akamtazama Gershom. Gershom akatazama dari.

"Mara tatu, Maalim. Kwa sababu ya ndege."

"Ndege?"

"Zilikuwa zikipita juu. Tukawa tunarudia."

Hapo hata mamangu aliacha kutafuna. Talaka tatu ni mlango uliofungwa na ufunguo ukatupwa: hana namna ya kunioa tena ila niolewe na mwanamume mwingine kwanza, na ndoa hiyo nayo iishe. Mimi niliyekuja pale kidevu juu, nikaushika ukingo wa mkeka. Nilitaka kumtia adabu. Sikutaka kumkosa. Nasema wazi, sina la kuficha: nampenda yule bwege, na sikuwahi kulijua hilo vizuri kama nilivyolijua pale mkekani, nikingoja mzee amalize kuvuta tasbihi yake.

"Uliporudia," Maalim akauliza, "ulikusudia kuongeza talaka, au ulisema upya ile ile?"

"Ile ile, Maalim. Ile ile, wallahi."

"Mwenye kugonga msumari mmoja mara tatu hana misumari mitatu. Ni talaka moja. Mkeo ameingia eda, na ndani ya eda una haki ya kumrejea. Sema umemrejea, tukaswali Magharibi."

Sheria ndivyo ilivyo. Ndani ya eda, mume akisema "nimekurejea", mambo yamekwisha, na mwanamke haulizwi kitu. Sameer akainua uso. Rangi ilikuwa imemrudia, na kabla ya kufungua kinywa akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza, au kilichomponza yeye.

"Ngoja," nikasema. "Sheria ni yako, Sameer. Ukisema hapa hapa nitakuwa mkeo, na chai utapata isiyo na chumvi. Lakini uliniacha mbele ya watu. Ukinirejea kwa kunong'ona kwenye mkeka wa Maalim, huko nje nitabaki Zena mpaka nife. Kama una uso, nirejee mbele ya watu."

"Nadhira!" mamangu akafoka.

Sameer alifunga kinywa. Ana kiburi, yule, na safari hii kiburi chake kilikuwa na heshima ndani yake. "Nitakurejea mbele ya watu," akasema, "na utapenda mwenyewe."

Nilimwamini. Sikujua kwamba kwa Sameer watu maana yake ni kamera.

Sehemu ya sita ilionyeshwa Jumapili. Kabla ya wiki kwisha aliyekuwa akidhamini kipindi alijitoa. Wengine walilalamika kwamba dini imechezewa, wengine wakasema kipindi hakichekeshi tena, na nadhani hilo la pili ndilo lililokiua. Velma alipakia kamera zake akarudi Nairobi, sofa akawaachia. Makapera wa Magongo kikazikwa na sehemu zake sita, bila matanga.

Sameer alikuwa amehamia kwa Gershom, Magongo, na hapa nitasema jambo lililonishangaza. Kamera zilipokuwepo, wale wanaume wanne kazi ikiisha kila mtu alikamata njia yake, hata kuagana kwa shida. Kamera zilipoondoka, wakaanza kukutana. Kalama akawa analeta muhogo kila Jumamosi. Musyoka akaitengeneza friji ya Gershom, akakataa kulipwa ila kwa kualikwa chakula. Sufuria ilikuwa moja kweli, na sofa ilikuwa ile ile nyekundu. Nikaambiwa jioni wanakaa wanne wamebanana juu yake, na usiku Gershom hujaza pamba masikioni. Nikafurahi. Angalau watatu sasa wanajua nani hukoroma.

Lakini neno halikuja. Yalikuja maneno ya simu. "Subiri kidogo, Mama Hadeel, Velma anaongea na wakubwa wake. Sehemu ya saba nitakurejea hewani, nchi nzima italia." Wiki ikipita, jingine: "Karibu tu, wanafikiria." Mimi nikawa najibu "Sawa", nikishona abaya za watu na kuhesabu eda yangu. Hesabu ya eda haishikwi na Maalim wala na mume. Ni ya twahara za mwanamke, anaijua mwenye mwili wake, na akisema imekwisha neno lake ndilo la mwisho. Katika mambo yote ya ndoa, naona hili pekee tuliachiwa wenyewe.

Siku moja walikuja wale watatu, Sameer hayumo. Walimsalimu mamangu shikamoo kwa foleni, wakakaa kibarazani wakiwa wamechana nywele. Nikawaletea viazi karai na ukwaju.

"Mama Hadeel," akaanza Kalama, "mwenehu Sameer anaisha. Juzi kapika wali kasahau maji."

"Mimi niliachwa, najua mtu aliyeachwa anavyokaa," akasema Musyoka. "Huyu ameacha, lakini anakaa kama sisi."

Gershom alikuwa hajagusa kiazi. "Kosa jingine ni langu," akasema. "Niliandika mambo ya nyumba yako bila kukuuliza. Nilicheka kwanza, nikafikiri baadaye. Nisamehe."

Katika watu wote wa kipindi kile, huyo ndiye wa kwanza kuniomba radhi. Nikamwongezea ukwaju kwenye sahani nipate la kufanya, maana machozi yalikuwa karibu.

"Kamwambieni Sameer watu wako hapa hapa Mtopanga," nikasema. "Nilisema watu. Kamera sikuzitaja. Na mwambieni siku zinakwisha."

"Zimebaki ngapi?" Musyoka akauliza.

Mamangu alicheka mpaka tambuu ikampalia. "Baba, hilo mwanamume haulizi."

Walimwambia. Kalama aliniapia walimwambia usiku ule ule, wote watatu kwa pamoja. Naye akangoja wiki mbili zaidi, mpaka Velma alipoacha kabisa kupokea simu zake.

Ijumaa moja, alfajiri, mwili wangu ulinipa habari kwamba eda imekwisha. Nilikaa juu ya kitanda. Nilidhani nitajisikia mwepesi, kumbe nililia, si sana, kisha nikaoga nikavaa. Sikumwambia mamangu. Saa saba mchana, watu wakitoka msikitini, simu yangu ikalia kwa ujumbe: "Jumapili saa kumi, uwanjani karibu na kinu cha unga, Mtopanga. Sehemu ya saba. Njoo na Mama. Hakuna kamera." Nikausoma mara nyingi. Angekuja Alhamisi, angenikuta ndani ya eda.

Ningeweza kumwambia asijisumbue. Lakini tangu nizaliwe sikuwahi kusikia mwanamume akilitamka jina langu mbele za watu kwa heshima, na hilo nilitaka kulisikia kwanza.

Sofa nyekundu ililetwa kwa pikapu kutoka Magongo. Watu walifika wengi kuliko siku ya ndege. Hata muuza nazi wa Kongowea nilimwona. Makapera watatu wakakaa kwenye sofa, wakafanya vichekesho vyao vya sufuria, watu wakavunjika mbavu. Kisha Sameer akasimama. Alikuwa amevaa kanzu aliyonyosha mwenyewe, ilionekana, maana kola ilikuwa na mkunjo mbaya. Akakiweka kipaza sauti chini. Alipaza sauti yake mwenyewe.

"Jamani, Zena hayupo," akasema. "Hajawahi kuwepo. Yupo Nadhira binti Abubakar, fundi wa abaya, mke aliyenistahi miaka ishirini na mitano. Biriani ile iliungua kwa sababu nilimwita dukani kwa jambo la upuuzi. Chumvi nilistahili. Na anayekoroma ni mimi, waulizeni hawa."

"Kweli kabisa!" Gershom akadakia kutoka kwenye sofa, na uwanja mzima ukacheka. Safari hii kicheko hakikuwa changu kukibeba.

Sameer akanigeukia. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakuyafuta. "Nilimwacha mbele ya watu, na mbele ya watu nasema. Nadhira, nimekurejea."

Mamangu akawa wa kwanza kupiga vigelegele, na wanawake wakampokea. Musyoka akamkumbatia Kalama. Mimi nikangoja vigelegele viishe, kisha nikainuka. Niliogopa, sitasema uongo. Kila mtu pale alinitaka nitabasamu niende nyumbani, na moyo wangu mwenyewe ulikuwa upande wao.

"Umesema vizuri," nikamwambia. "Sijawahi kusikia maneno mazuri zaidi kutoka kinywani mwako. Lakini eda yangu ilikwisha Ijumaa."

Sameer alinitazama kama mtu aliyefika stesheni akakuta reli tupu.

"Nilikwambia watu, ukangoja kamera. Miezi yote hiyo neno lilikuwa ulimini mwako, na mimi nisingeulizwa kitu. Sasa limekutoka mkononi. Mimi si mkeo, Sameer. Kama wanitaka, njoo kwetu upose kama wanavyoposa watu wote, ulete mahari, ifungwe nikaha mpya. Rejea haimuulizi mwanamke. Posa humuuliza."

"Nadhira, toba!" mamangu akasema. Lakini hakunivuta niketi.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikuja mpaka mbele ya mamangu, akainama. "Shikamoo, Mama. Alhamisi nitaleta wazee."

"Marahaba, mwanangu," mamangu akasema kwa sauti ndogo. "Karibuni."

Wazee wenyewe walikuwa Gershom, Kalama na Musyoka. Wanaume watatu walioshindwa na ndoa zao walikuja kuniposea, wamevaa mashati ya mikono mirefu kwenye joto lile, na Maalim Ishaka mbele yao. Nilikaa chumbani kwenye cherehani yangu, mlango wazi. Walipouliza mahari, nikajibu kutoka ndani kwamba nataka ile sofa nyekundu. Pale walikaa wiki sita wakinisema. Sasa itakaa kwangu, na wateja wangu waikalie wakingoja abaya zao. Nikawasikia wakinong'onezana. Gershom akasema atakosa pa kukaa, lakini ni haki.

Maalim akaja mpaka mlangoni. "Nadhira binti Abubakar, Sameer amekuposa kwa mahari uliyoitaja. Waridhia?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoulizwa swali hilo mara ya kwanza. Niliinamisha kichwa nikanyamaza, kama nilivyofundishwa, na mamangu akasema kimya cha mwari ni jibu. Sasa mamangu alikuwa amesimama nyuma ya Maalim, kijaluba mkononi, naye akafungua kinywa.

"Maalim, kimya chake—"

"Kimya hicho kilikuwa cha mwari, Mama," nikasema. "Mimi si mwari tena. Safari hii sharti nisikike. Maalim, rudia swali lako. Mara tatu."

"Mara tatu? Kwa nini?"

"Niliachwa mara tatu. Na hapa hakuna ndege."

Maalim alinitazama, na nadhani alitabasamu ndani ya ndevu. Akauliza. Nikamaliza kushona upindo. Akauliza tena. Nikaukata uzi kwa meno, nikaikunja ile abaya, nikaiweka kando. Mara ya tatu akauliza kwa sauti kubwa, na nikajibu naridhia, kwa sauti iliyofika kibarazani na kuvuka barabara, mpaka mwanamke wa nyumba ya pili akapiga kigelegele.

Kisha nikavuta kitambaa kingine, maana abaya ya watu ilitakiwa Ijumaa.